Komuni yako ya Sweden ikipanga malengo ya tabianchi, wewe unaingilia wapi?

Jamani tuliopo Sweden, naomba tuongee hili la komuni na malengo yao ya mazingira, mana naona wengi wetu tunalichukulia kama mambo ya Waswidi wenyewe, alafu siku parking ya chini ya jengo imeondolewa au mapipa ya taka yamebadilishwa ndo tunaanza kulalamika kwenye grupu la WhatsApp, na wakati huo kila kitu kilishaamuliwa zamani.

Mtaani kwetu ilitokea hivi. Kulikuwa na karatasi imebandikwa pale mlango wa ngazi, Kiswidi kigumu, imekaa wiki kadhaa na kila mtu anaipita na mifuko yake ya sokoni. Baada ya muda tukaja kukuta nafasi za kupaki gari zimepunguzwa kupisha njia ya baiskeli na miti. Sasa sisi kwenye lile jengo wengi tunafanya kazi nyumba za wazee, zamu ya jioni ikiisha basi la mwisho limeshaondoka, gari kwetu sio anasa. Tulipoenda kuuliza tukaambiwa kwa upole kabisa kwamba muda wa kutoa maoni ulishafungwa. Niliumia sana, na sio kwa ajili ya njia ya baiskeli, watoto wangu wanaitumia kila siku, niliumia kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno kuhusu basi la usiku wakati watu walikuwa wanaulizwa. Toka hapo nimejifunza hii mifumo na ndo naiandika hapa.

Kwanza tuelewane komuni ni kitu gani. Kwa Mkenya nitasema inakaribia kaunti, kwa Mtanzania ni halmashauri, kwa ndugu zangu Wakongomani na Warundi mliotokea makambini mnajua tu ni ile ofisi mliyopelekwa mlipofika, lakini ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Ziko 290 nchi nzima na uhuru wao wa kujiendesha umo ndani ya katiba. Ile kodi unayokatwa kwenye mshahara, kwa wastani kama asilimia 32, kwa mtu wa mshahara wa kawaida haiendi serikali kuu, inaenda komuni na regioni, yaani mamlaka ya mkoa inayoshika hospitali na mabasi. Kwa hiyo hela ya shule, chekechea, wazee na barabara za mtaani ni hela yako, na malengo ya tabianchi yanatekelezwa kwa hela hiyohiyo.

Serikali kuu ina sheria yake ya tabianchi iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, na lengo la taifa ni kwamba ikifika 2045 Sweden isiwe inaongeza gesi joto hewani. Ila sheria hiyo inaibana serikali, komuni haibanwi nayo. Kuna vitu wanalazimishwa, kwa mfano toka 1977 kuna sheria inayotaka kila komuni iwe na mpango wa nishati, na toka mwanzo wa 2024 komuni zinatakiwa kuzipa nyumba zote njia ya kutenga mabaki ya chakula, lakini lile lengo kubwa la kwamba sisi hapa tutafika wapi na mwaka gani, hilo wanajiwekea wenyewe. Ndo mana ukihama komuni unakuta mambo tofauti. Malmö wamejiwekea 2030, mapema kuliko nchi yenyewe. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulichagua miji 100 ya kwenda haraka mpaka 2030, na ya Sweden ilikuwa saba, Gävle, Göteborg, Helsingborg, Lund, Malmö, Stockholm na Umeå, kwa hiyo kama unaishi mojawapo ujue kwako hii kitu ina uzito wa ziada.

Mfano ninaoupenda mimi ni Växjö, kule Småland, komuni ya watu karibu laki moja. Mwaka 1996 madiwani wa vyama vyote kule walikubaliana kwamba mji wao utaacha mafuta ya kisukuku, yaani petroli, dizeli, makaa ya mawe na wenzake. Fikiria 1996, wakati huo hata sisi wengi hatujawahi kusikia neno tabianchi. Lakini hawakuanzia hewani, kiwanda chao cha kupasha nyumba joto kilikuwa kimeshaanza kutumia mabaki ya miti toka 1980, misitu wanayo pale pale, na miaka ya 70 walishahangaika kusafisha ziwa lao la Trummen lililokuwa limechafuka vibaya. Kwa hiyo lengo lilikaa juu ya kitu ambacho watu walishakiona kwa macho. Leo hewa ukaa inayotoka kwa kila mkazi imepungua zaidi ya nusu ukilinganisha na mwanzoni mwa miaka ya 90. Kilichobaki kigumu ni magari, na hapo ndo kila komuni inakwama, Växjö pia.

Sasa lengo linapita wapi mpaka liwe lengo. Inaanzia kwa mtaalamu ofisini, mara nyingi cheo chake kinaitwa miljöstrateg au klimatstrateg, anakusanya hali ilivyo, mji unatoa gesi kiasi gani na zinatoka kwenye nini. Takwimu hizo hata wewe unaweza kuziona, shirika la hali ya hewa SMHI wana hifadhi ya data inaitwa Nationella emissionsdatabasen, unachagua komuni yako inakuonyesha toka 1990. Kisha kinaandikwa kile kitabu cha mpango, unaweza kukiona kwa jina la klimatplan, miljöprogram, hållbarhetsprogram, energi- och klimatplan, majina mengi kazi moja. Kikishaandikwa kinatumwa kwa maoni, wanaita remiss, kinaenda kwenye kamati za komuni, kampuni za komuni kama ile inayomiliki nyumba za kupanga, vyama vya siasa, vyama vya watu, na mara nyingi wakazi wote wanaruhusiwa kujibu. Baada ya hapo kinaenda kommunstyrelsen, ambayo ni kamati tendaji, mwisho kinapigiwa kura kwenye kommunfullmäktige, baraza la madiwani lenyewe.

Hapo kwenye remiss ndo mlango wako. Watu wengi wanadhani mlango ni siku ya baraza, sio kweli, siku ile vyama vimeshakubaliana, wanasoma tu na kupiga kura. Nilienda mkutano mmoja wa maoni, ukumbi una kahawa na kanelbullar, yale maandazi ya mdalasini, za kutosha watu hamsini, tulikuwa kama kumi, karibu wote wastaafu wenye nyumba zao. Walizungumza mambo ya maana, siwalaumu hata kidogo, lakini hakuna aliyepanga flati, hakuna wa zamu ya usiku, hakuna mwenye watoto wadogo watatu na gari la mtoto. Mpango unatoka na sura ya waliokuja.

Na huhitaji uraia. Hili nalirudia kila siku. Kutoa maoni kwenye remiss hakuna anayekuuliza pasipoti. Kura ya komuni na regioni unapiga hata kama sio raia, mradi una miaka 18 na umekuwa umeandikishwa Sweden, ile folkbokföring, miaka mitatu mfululizo kabla ya uchaguzi, na mwenye uraia wa nchi za Umoja wa Ulaya hahitaji hata hiyo miaka mitatu. Kadi ya kura inakuja yenyewe kwenye posta, hujiandikishi popote kama nyumbani. Tena ukiwa na haki ya kupiga kura kwenye komuni unaweza pia kugombea udiwani. Uchaguzi ni kila miaka minne, wa 2026 ni tarehe 13 Septemba, na baraza linaloingia ndo litakaloshika malengo mengi ya 2030, kwa hiyo kura hii ina uzito wake.

Kuna kitu kingine kinaitwa medborgarförslag, jina linasema raia lakini ni kwa yeyote aliyeandikishwa kwenye komuni, hadi mtoto. Unaandika pendekezo moja, jambo moja tu usichanganye, unalituma na wanatakiwa walishughulikie, kwa kawaida ndani ya mwaka. Sio komuni zote wanayo, wengine wana mfumo wa kukusanya sahihi mtandaoni, Malmö wanauita Malmöinitiativet na Göteborg wana Göteborgsförslaget. Hapa kuna mtego tuliouingia sisi. Tuliandika pendekezo la basi la usiku tukapeleka komuni, likarudi na jibu kwamba mabasi ni ya regioni. Na kweli, sehemu nyingi usafiri wa umma uko chini ya regioni, komuni inaweza kuomba na kushauri lakini ratiba haipangi. Kwa hiyo kabla hujaandika jiulize kitu hiki ni cha nani. Taka, chakula cha shule, njia za baiskeli, parking, miti, majengo mapya, hizo ni komuni. Hospitali na mabasi, regioni. Nyumba yako ya kupanga, muulize mwenye nyumba, ila kama ni kampuni ya komuni basi malengo ya komuni yanamhusu moja kwa moja.

Ile karatasi ya mlangoni kwetu sasa, ile haikuwa remiss, ilikuwa samråd, yaani mashauriano, ya detaljplan, ile ramani inayosema kipande hiki cha ardhi kitajengwa nini. Hizi ndo unatakiwa uwe macho nazo kuliko zote, kwa sababu malengo ya tabianchi yanageuka kuwa matofali na lami kupitia hizo. Zina hatua mbili, samråd alafu granskning, yaani mpango uliorekebishwa unapowekwa wazi uangaliwe tena, na kuna kanuni wengi hawaijui: ukitaka kuja kukata rufaa baadaye, mpango uwe unakugusa na uwe ulituma maoni yako kwa maandishi kabla granskning haijaisha. Ukinyamaza, kwa kawaida haki ya rufaa imepotea. Hata mistari mitatu ya Kiswidi cha SFI, yale masomo ya Kiswidi kwa wageni, inatosha, jina lako, anwani, na unachopinga au kuomba. Usisubiri Kiswidi kinyooke.

Kwa maamuzi mengine ya baraza, mkazi yeyote anaweza kuomba mahakama ya utawala iangalie kama sheria ilifuatwa, ndani ya wiki tatu toka tangazo la kumbukumbu za kikao libandikwe kwenye anslagstavla, yaani ubao wa matangazo, siku hizi uko kwenye tovuti ya komuni. Mahakama itaangalia uhalali tu, haiangalii kama uamuzi una busara, kwa hiyo usiweke matumaini yote hapo.

Ukitaka kujua kama wanatimiza walichosema, omba nyaraka. Sweden ina sheria ya uwazi toka 1766, unaandika email kuomba waraka, hutakiwi kusema wewe ni nani wala unautaka wa nini. Angalia pia Kolada, ni tovuti ya kulinganisha komuni kwa namba, bure. Na jambo la kuangalia kwenye mpango wowote ni kama kila lengo lina mwaka, kipimo, na jina la kamati itakayowajibika, na kama lipo kwenye bajeti. Lengo lisilo na mstari kwenye bajeti mimi silihesabu kabisa. Lakini pia tuwe waungwana, kushindwa kufika sio uongo. Malmö mwaka 2010 walisema ikifika 2020 chakula chote cha shule na cha wazee kiwe kimelimwa bila kemikali, hawakufika asilimia 100, ila walipandisha kwa kiasi kikubwa, na walisema wazi kwamba hawajafika.

Kwa akina mama, hapo kwenye chakula cha shule msinyamaze. Komuni nyingi zinapunguza nyama kwa ajili ya tabianchi, siku za mboga zinaongezeka, na nasikia wazazi wanasema watoto wananyimwa chakula. Badala ya kulalamika, andikeni mapendekezo, sisi watu wa maharage na kunde na mbaazi za nazi tuna nini cha kujifunza kuhusu kupika bila nyama? Mzazi mwenzangu alimwandikia mkuu wa jiko la shule akampa namna ya kuunga maharage kwa nazi, kitunguu na binzari, sasa yanapikwa pale na watoto wa Kiswidi wanaongeza sahani.

Kwetu tumegawana kazi kwenye grupu. Kila mwezi mtu mmoja anafungua tovuti ya komuni, sehemu ya anslagstavla na ile ya mipango inayosubiri maoni, anaandika kwa Kiswahili mistari minne mitano kinachoendelea na tarehe ya mwisho. Mwezi huu ni zamu ya kijana wa jirani, ana miaka kumi na sita, Kiswidi chake kizuri kuliko chetu wote. Barua ya basi la usiku safari hii tumeituma regioni, imesainiwa na watu thelathini na moja, na saa za kuisha kwa zamu tumeziandika moja moja.