Somo: Kukimbia mbali kwenye Subway Surfers bila kuvilaumu vidole

Michezo ya kukimbia bila mwisho, kama Temple Run ya 2011 na Subway Surfers iliyofuata 2012, haina mstari wa kumalizia. Kasi inapanda kadiri unavyokwenda, na unakimbia mpaka ukosee. Wengi wakidakwa wanasema vidole ni vizito, kumbe mara nyingi kosa ni la macho, au la simu yenyewe. Mifano hapa ni ya Subway Surfers, ila hatua tatu za kwanza zinafaa mchezo wowote wa aina hii.

Hatua ya 1: Andaa simu
Zima data ili matangazo yasikuingilie na bando lisiliwe. Washa hali ya Usinisumbue. Zima kiokoa betri, maana hupunguza kasi ya prosesa na picha zinaanza kukwama. Kama simu yako inatumia kutelezesha kidole kurudi nyuma au kutoka, rudisha vitufe vitatu vya chini kwenye mipangilio. Usipofanya hivyo, siku utakapoanzia kidole chini kabisa ya kioo ili uruke, utajikuta umetoka kwenye mchezo.

Hatua ya 2: Kidole
Hapa ndipo mbio nyingi zinapofia. Dole gumba haliendi wima, linachora upinde. Unataka kuruka, unavuta juu, gumba linapinda kwenda pembeni, na mchezo unasoma "hama njia". Jake, yule mkimbiaji unayemwongoza, anahama na kujibamiza kwenye treni, nawe unaapa kwamba ulivuta juu. Dawa: anzia katikati ya kioo, chini kidogo, na ukunjue kiungo cha gumba badala ya kuzungusha kiganja kizima. Ikishindikana, shika simu kwa mkono wa kushoto na utumie kidole cha shahada cha kulia.

Vuta kifupi, sentimita moja inatosha, kisha INUA kidole. Mguso mmoja ni amri moja. Anayeburuza kidole bila kukiinua anashangaa kwa nini amri ya pili haikusikika.

Asubuhi za Juni na Julai, kwenye baridi ya nyanda za juu kusini, pale Uyole au Makambako, ncha za vidole huwa baridi na kavu, na kioo kinazitambua kwa shida. Sugua viganja kwanza. Glavu za sufu ziweke pembeni, kioo hakizisikii.

Hatua ya 3: Macho
Usimtazame Jake. Yuko palepale, hapotei. Tazama theluthi ya juu ya kioo, kule treni zinakotokea, na uchague njia iliyo wazi kabla hujafika. Fanya mbio kumi bila kufukuzia sarafu hata moja. Sarafu ni chambo: zinakuvuta kwenye njia ambayo mbele imezibwa.

Hatua ya 4: Tumia hewa
Ukiwa umeruka unaweza kuhama njia ukiwa bado juu. Ukivuta chini ukiwa hewani, unashuka papo hapo na kubingirika. Hii ndiyo inayokuokoa pale kizuizi cha kuruka kinapofuatwa mara moja na cha kupita chini yake. Ukigonga ubavu wa treni hufi, ila mlinzi anayekufukuza anasogea. Ukijikwaa tena kabla hajarudi nyuma, umekwisha.

Hatua ya 5: Ubao, funguo, kizidishi
Gusa kioo mara mbili, ubao wa kuteleza unatoka na kukulinda kwa sekunde 30. Ukigonga kitu, unavunjika ubao, wewe unaendelea. Usiuwashe mwanzoni wakati kasi bado ni ya bajaji. Uhifadhi mpaka macho yaanze kuzidiwa. Ukidakwa unaweza kufufuka kwa kulipa funguo, na idadi yake huongezeka maradufu ndani ya mbio moja: 1, 2, 4, 8. Ufufuo wa nne ni hasara.

Kuhusu pointi, kizidishi, yaani namba inayozidisha pointi zako, kina uzito kuliko umbali. Kila ukimaliza seti ya majukumu unayopewa na mchezo kinapanda kwa moja, hadi 30. Mbio zilezile zilizokupa pointi 40,000 kwa kizidishi cha 5 zingekupa 80,000 kwa cha 10. Kwa hiyo maliza majukumu kwanza, rekodi baadaye.

MASWALI YA WANACHAMA (kila mmoja kwa jina la anakotoka)

Tukuyu: Mkuu, mvua ikinyesha nikiwa barazani, mchezaji anaruka hovyo bila kuguswa. Simu imekufa?
Jibu: Haijafa. Tone la maji kioo kinalisoma kama kidole. Futa kwa kitambaa cha pamba kikavu, na vidole pia.
Tukuyu: Ndaga fijo (asante sana).

Mafinga: Yangu inafanya hivyo ikiwa kwenye chaji tu, na kioo ni kikavu kabisa.
Jibu: Chomoa chaji ucheze dakika tano. Ikitulia, tatizo ni kichwa cha chaji: vile vya bei ya chini hupitisha umeme usiotulia, unaovuruga mguso. Badili kichwa, usikimbilie kubadili kioo.

Njombe: Kamwene wakuu. Simu ya RAM GB 2, dakika kumi za kwanza safi, halafu inaanza kuganda.
Jibu: Kamwene, dada. Inayoanza vizuri kisha ikaganda mara nyingi imepata joto, na prosesa ikipata joto inajipunguzia kasi. Vua kava, funga programu nyingine, usicheze ikichajiwa, ipumzishe. Ikiganda tangu mwanzo, angalia nafasi: futa video za WhatsApp.

Mwanjelwa: Nikiufuta mchezo na kuupakua upya, sarafu zangu zitakuwepo?
Jibu: Kama hujaunganisha akaunti, usitegemee. Unganisha kwanza ukiwa na data, ndipo ufute.

Iringa mjini: Kuna faili linazunguka kwenye magrupu, lina sarafu zisizoisha. Nisakinishe?
Jibu: Hapana, kaka. Faili la nje ya Play Store likiomba ruhusa ya kusoma SMS, jiulize mchezo wa treni unataka SMS za nini. Namba za uthibitisho za akaunti zako zinaingia hukohuko. Kama umeshalisakinisha, liondoe na ubadili PIN ya pesa ya simu leo, ukitumia simu nyingine.