Milima ya Bukavu njo sale yako ya sipori, lakini chunga magoti

Hapa Bukavu, mashariki ya Congo, hauna haja ya kulipa sale ya sipori, mulima iko palepale mbele ya mulango. Shida ni bantu benye banaanza sipori kama beko nafukuzwa, lundi banakimbia mpaka jasho inamwagika, mercredi hata ngazi ya nyumba banashuka kinyumanyuma. Mi pia ilinifikia. Juma ya kwanza nilishuka mbio kutoka Kadutu, nikajiona kijana, kesho yake mapaja ikakaza, kesho kutwa ikazidi, hata kukaa ku choo ilikuwa naomba musaada ya ukuta.

Sikujua kama kushuka njo kunaumiza misuli kupita kupanda. Ukipanda, pumzi inakatika unasimama mwenyewe. Ukishuka, misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya freni, inanyooshwa huku inakaza, na maumivu haiji saa ileile, inakuja siku moja ao mbili nyuma. Kwa hiyo panda na nguvu, shuka polepole, hatua fupi, magoti ikunjwe kidogo. Na kama mvua ilinyesha potopoto iko natereza, usikimbie, hata kama rafiki iko nakucheka.

OMS (shirika ya afya ya dunia) inasema mutu mukubwa afikishe dakika 150 mpaka 300 kwa juma ya mwendo wa kadiri, ao 75 mpaka 150 ya nguvu, na siku mbili ya kukaza misuli. 150 ni nusu saa mara tano, basi. Si lazima uifanye mara moja, dakika kumi asubui, kumi mangaribi, yote inahesabika. Mwendo wa kadiri utaujua ku mudomo: unaweza kuongea, lakini kuimba hapana. Tuko karibu metre 1,500 juu ya bahari, mutu mwenye ametoka Kinshasa, kule chini, asishangae pumzi ikimukimbia siku za kwanza.

Kama ulikuwa unakaa tu biro mwaka muzima, anza dakika kumi fasi yenye haipande sana, Avenue Lumumba kwa mufano, juma yenye inafuata ongeza dakika tano, na mulima uiache mpaka mwili izoee. Mama mwenye anabeba muzigo ku mugongo kila siku toka soko mpaka nyumbani, yeye usimwambie atafute sipori, ameshaimaliza, anahitaji kupumzika!

Ya misuli: chukua bidoni ya litre 5 imejaa mai, ni kilo 5, inyanyue mara kumi kila mukono. Kaa ku kiti kisha simama bila kushika kitu, mara kumi. Sukuma ukuta. Nyumbani tu, hakuna mwenye anakuona.

Mwenye tansio (presha ya damu), sukari, ugonjwa ya moyo ao mimba, aulize munganga kwanza, na dawa usiache juu unajisikia muzuri. Mwenye kudunga insulini atembee na bonboni mufukoni, juu sukari inaweza kushuka njiani. Kifua ikikaza, ao maumivu ikishuka ku mukono, ao kichwa izunguke, simama, kaa chini, ita mutu akupeleke ku hospitali. Usijikaze eti umebakisha kidogo.

Saa ya kutoka: jua likishatoka, gizani hapana. Tembea upande wenye unaona gari zinakuja mbele yako, na kama unavaa ekuta ya muziki, uache sikio moja wazi, juu moto (pikipiki) zingine zinashuka na motere imezimwa, zinakuwa kimya mpaka ziko nyuma ya kisigino. Na sapatu uache ku nyumba, vaa kiatu ya kufunga na kamba, uikaze muzuri kama unaenda kushuka.