Kupanda na Kutunza Mti wa Magnolia Unaopukutisha Majani

Mti wa magnolia wa jamii inayopukutisha majani hufungua maua yake mwanzoni mwa majira ya kuchipua, matawi yakiwa bado matupu, na kwa sababu hiyo huipamba bustani wakati mimea mingine mingi bado imelala. Mti huu unahitaji kipindi halisi cha baridi ili uchanue ipasavyo. Jambo la kuzingatia kuliko yote ni mizizi: mti huu hauvumilii kuhamishwa, na sehemu kubwa ya mafanikio yake huamuliwa siku unapopandwa.

Kabla ya kuchagua mahali, chagua aina inayolingana na nafasi uliyo nayo. Magnolia stellata, yenye asili ya Japani, hukua polepole na kwa kawaida haizidi mita 3, hivyo inafaa bustani ndogo. Magnolia × soulangeana, chotara aliyezalishwa Ufaransa na Étienne Soulange-Bodin na kuchanua kwa mara ya kwanza mwaka 1826, huweza kufikia mita 6 na kutanuka karibu kiasi hicho hicho. Magnolia campbellii ya milima ya Himalaya ni mti mkubwa kweli, na ule uliooteshwa kwa mbegu unaweza kukaa zaidi ya miaka 20 bila ua hata moja. Anayetaka maua mapema na atafute mche uliobebeshwa, yaani ulioungwa kikonyo cha mti mwingine.

Adui wa maua ni jalidi, yaani umande ulioganda, ya mwisho wa baridi, ambayo kwa usiku mmoja huweza kugeuza mti mzima uliochanua kuwa wa rangi ya kahawia. Usipande bondeni, ambako hewa baridi hutuama, wala mahali panapopigwa na jua la alfajiri, kwa kuwa petali zilizoganda huharibika zaidi zinapoyeyuka kwa haraka. Mahali palipokingwa na upepo mkali, penye jua au kivuli chepesi, ndipo panapofaa. Udongo uwe tifutifu, wenye mboji, unaohifadhi unyevu bila kutuamisha maji, na wenye asidi kidogo, yaani pH ya kati ya 5.5 na 6.5. Kwenye udongo wenye chokaa nyingi majani huwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, dalili kwamba mti unashindwa kufyonza madini ya chuma.

Unapoutoa mche kwenye chungu utaiona mizizi yenyewe: minene, laini, yenye matawi machache, na inayokatika upesi ukiivuta. Jeraha lake hupona polepole na linaweza kuoza, kwa hiyo ishike kwa uangalifu mkubwa. Chimba shimo lenye upana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini lisizidi kina chake, kisha hakikisha shingo ya mti, yaani pale shina linapokutana na mizizi, inalingana na uso wa ardhi, kwani mti uliozikwa sana hudhoofika. Rudishia udongo, mwagilia maji ya kutosha, na utandaze mboji au maganda ya miti kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi wazi kuzunguka shina.

Kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, mwagilia kwa wingi kila udongo unapoanza kukauka, hasa wakati wa joto, kwa maana ndipo matumba ya maua ya mwaka ujao yanapotungwa. Yatazame baada ya majani kupukutika: ni makubwa, yamefunikwa manyoya ya kijivu, na ni rahisi kuyatofautisha na yale membamba ya majani. Mizizi mingi hutambaa karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo usilime chini ya mti wala usiruhusu nyasi zifike shinani. Matandazo yanayoongezwa kila mwaka yatafanya kazi ya jembe na mara nyingi ya mbolea pia. Ukiona wadudu gamba wameganda kwenye vitawi, na majani yamepakwa ukungu mweusi unaoota juu ya utamu wanaoutoa, wasugue kwa brashi laini na maji ya sabuni.

Kupogoa kuwe kwa kiasi tu. Fanya kazi hiyo katikati ya majira ya joto, majani yakiwa yamekomaa, kwa sababu mti ukikatwa mwishoni mwa baridi huvuja utomvu mwingi, na matawi utakayoyaondoa yatakuwa tayari yamebeba matumba. Ondoa yaliyokufa na yanayosuguana, ukikata pale tawi linapoungana na lingine bila kuacha kisiki. Ukipogoa kwa ukali, mti hujibu kwa kutoa machipukizi marefu yaliyosimama wima. Hayo yapunguze machache kila mwaka, kwani yakikatwa yote kwa pamoja huota mengine mengi zaidi.