Somo: jinsi ya kusoma majibu ya kipimo cha thairodi (TSH, FT4, FT3)

Wadau, wengi mnapewa karatasi ya majibu alafu mnabaki kuitolea macho tu, haya twende taratibu.

Kwanza tafuta TSH, hiyo ndo yenye habari. Haitoki kwenye thairodi yenyewe pale shingoni, inatoka pituitari, katezi kadogo chini ya ubongo, kazi yake kuisukuma thairodi itoe homoni. Ni kama nyapara na kibarua, kibarua akilegea nyapara anapaza sauti, akichapa kazi kupita kiasi nyapara ananyamaza. Kwahiyo TSH kubwa mara nyingi maana yake homoni ni CHACHE, na hapa ndo watu wanapochanganya, mtu anaona 12 anajua homoni zimezidi kumbe ni kinyume chake.

Pili, linganisha na renji (kiwango cha kawaida, kuanzia chini mpaka juu) iliyoandikwa pembeni ya majibu yako. Kwa mtu mzima TSH huwa kama 0.4 mpaka 4.0 ila mashine zinatofautiana, usitumie renji ya karatasi ya mwenzako.

Tatu, isome pamoja na FT4, yaani homoni yenyewe inayotolewa na thairodi:
TSH juu, FT4 chini: thairodi imelegea (uchovu, kuhisi baridi, choo kigumu).
TSH chini, FT4 juu: imezidisha, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, unakonda huku unakula vizuri tu.
TSH juu kidogo, FT4 kawaida: usikimbilie dawa, mara nyingi dokta anarudia kipimo baada ya miezi 2 au 3 na wengine inashuka yenyewe.
Zote chini: hiyo usijisomee, muone dokta, shida inaweza kuwa pituitari.

FT3, homoni nyingine ya thairodi, inasaidia zaidi pale homoni zinaposhukiwa kuzidi.

MASWALI

– Mkuu mi natumia vidonge vya nywele vina biotini (aina ya vitamini), vina neno?
– Vinalo. Biotini nyingi inazidanganya baadhi ya mashine, TSH inasoma chini na FT4 juu wakati huumwi. Waambie kabla hawajakutoa damu, kwa kawaida unaacha angalau siku 2.

– Nina mimba ya wiki 10, TSH 0.2, nimeogopa jamani
– Pole dada. Miezi ya mwanzo homoni ya mimba yenyewe inaishusha TSH, na mjamzito ana renji yake. Peleka majibu kliniki waangalie na FT4.

– Nimeanza levothairoksini, dawa ya thairodi iliyolegea, wiki ya pili hii, nikapime?
– Mapema mno, TSH inabadilika polepole, subiri wiki 6 mpaka 8. Na dawa kunywa tumbo likiwa tupu, vidonge vya kuongeza damu au kalsiamu uviweke mbali nayo masaa 4.