Namna ya kuvalisha upya sanduku la redio ya zamani kwa vinili yenye gundi

Si kila sanduku la redio linalostahili kufunikwa kwa vinili, yaani ile plastiki nyembamba yenye gundi nyuma. Redio kubwa ya mezani, ile ya lampu (yenye taa za kioo ndani badala ya transista), ambayo mbao zake zilibandikwa tabaka jembamba la mti wa thamani na kupakwa vanishi, inapaswa kusuguliwa na kupakwa vanishi upya maadamu tabaka hilo bado limeshika. Ukiibandikia plastiki, utakuwa umekifunika kilicho bora kuliko kifuniko chenyewe, na atakayekuja kuibandua miaka ijayo atang'oa mti pamoja na gundi. Vinili naitetea kwa masanduku ya aina mbili tu. Aina ya kwanza ni redio za kubeba mkononi ambazo kiwandani kwenyewe zilivalishwa ngozi bandia, kama zile za Roberts ya Uingereza na nyingine nyingi zilizotengenezwa Ulaya katika miaka ya 1950 na 1960. Aina ya pili ni masanduku ambayo tabaka lake la juu limekwisha kuharibiwa na maji au mchwa, kiasi kwamba hakuna tena cha kuokoa juu ya mbao.

Vinili zenyewe, ambazo wengi hapa Lubumbashi huziomba dukani kwa jina la otokolan, hazifanani. Ile ya samani huuzwa kwa upana wa sentimita 45, 67.5 au 90, na upana wa 45 unatosha redio nyingi za kubeba. Ile ya waandika mabango hunyumbuka vizuri zaidi penye kona, na mabaki yake hupatikana kwa bei ndogo, lakini ni nyembamba mno, na kila punje ya mchanga iliyo chini yake huonekana. Mimi huchagua daima vinili ya samani yenye chembechembe za ngozi, nzito kidogo, kwa kuwa ndiyo inayokaribia vazi la asili na huficha kasoro ndogo za mbao. Inayong'aa kama fedha usiitumie kabisa: huwa na tabaka la madini, ilhali antena ya mawimbi ya kati katika nyingi ya redio hizi ni kijiti cha feraiti, yaani kijiti cheusi kinachonasa mawimbi, kilicho ndani ya sanduku, na madini yakilizunguka sanduku, stesheni za mbali zinafifia.

Vifaa vingine ni kisu chenye wembe wa kuvunjwa ncha, rula ya chuma, kadi ya plastiki iliyovishwa kitambaa cha pamba, sindano, na mashine ya kukaushia nywele. Rula ya mbao iache, kwa sababu wembe huipanda na kuuharibu mstari.

Hatua ya 1: Kuivua redio

Piga picha kila upande, kisha toa vifundo vya kuzungusha, chasisi (fremu iliyobeba vipande vya umeme), spika, mpini, nembo na miguu. Redio ya transista inayotumia betri za volti 6 au 9 haina hatari. Redio ya lampu ni jambo jingine: kondensata zake kubwa, yaani vipande vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na zile zisizo na transfoma huwa na chasisi iliyoungana moja kwa moja na umeme wa nyumba. Kama huna mita na hujazoea kuzitoa chaji kondensata, mpe fundi wa redio aitoe chasisi, nawe uchukue sanduku tupu.

Hatua ya 2: Kutoa vazi la zamani

Gundi ya zamani ya maseremala hulainika kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto. Gundi ya mpira hulainika kwa benzini. Kwangua polepole kwa bapa, ukifuata uelekeo wa nyuzi za mbao. Usikaribishe moto, wala usitupe vipande kwenye mbabula (jiko la makaa), kwa sababu ngozi bandia nyingi za zamani ni kitambaa cha pamba kilichopakwa nitrati ya selulosi, na kitu hicho hushika moto kwa ghafla.

Hatua ya 3: Kurekebisha mbao

Bandika palipoachana, jaza mashimo, sugua kwa msasa namba 120 kisha 240. Kona zilizovunjika zijaze kwa mastiki ya magari badala ya unga wa mbao uliochanganywa na gundi nyeupe, kwa kuwa mchanganyiko huo husinyaa unapokauka. Kingo zote zivunje makali kidogo, kiasi cha milimita moja au mbili, kwani vinili haikai juu ya ukingo mkali.

Hatua ya 4: Kuziba mbao na kungoja

Hatua hii ndiyo inayoamua kama vazi litadumu au litabanduka kabla ya mvua za mwaka ujao, na ndiyo ambayo watu huiruka. Kijana mmoja wa Katuba, hapa hapa Lubumbashi, aliniletea redio aliyoivalisha kwa ustadi mkubwa: kona zilikunjwa vizuri, mstari wa maungano haukuonekana, lakini baada ya kukaa juani dirishani uso wote wa juu ulikuwa umetoka vipele. Nilipokitoboa kimojawapo kwa sindano na kukibonyeza, harufu ya vanishi ilitoka. Vanishi ilikuwa kavu kwa kidole, lakini chini bado ilikuwa na kiyeyushi, na joto la jua lilikigeuza kuwa mvuke usio na pa kutokea. Tulibandua kila kitu, na kazi ya kusafisha gundi iliyobaki ilituchukua muda mrefu kuliko kazi yote ya awali.

Gundi ya vinili hushika vizuri uso ulio laini, mkavu na usio na vumbi, na mbao tupu za tripleksi (mbao za tabaka nyembamba zilizobandikwa pamoja) hazina hata sifa moja kati ya hizo. Nyuzi zake hunyonya unyevu na kuuachia, vumbi la msasa hujificha katika vinyweleo, na gundi hushika vumbi badala ya kushika mbao. Kwa hiyo lazima mbao zizibwe. Napendelea shelaki, yaani ule utomvu wa wadudu unaoyeyushwa katika spiriti, kuliko vanishi ya mafuta, kwa sababu spiriti huondoka yote kwa haraka. Paka mkono wa kwanza mwembamba sana, uache ukauke, pitisha msasa namba 320 kwa mkono mwepesi, futa, kisha paka wa pili. Pale ambapo ncha za tabaka za tripleksi zimebaki wazi, yaani kwenye kingo na kuzunguka tundu la spika, ongeza mkono wa tatu, kwa kuwa hunyonya kupita kiasi. Shelaki iache ilale usiku mzima ijapokuwa inaonekana imekauka mapema. Kama umelazimika kutumia vanishi ya mafuta, hesabu siku, wala si saa, na usianze hadi utakapoweka pua juu ya mbao usisikie harufu yoyote. Mafuta ya kitani na nta ya kung'arishia samani hayafai hata kidogo, na kama sanduku liliwahi kupakwa vitu hivyo, au lilikaa jikoni likashika mafuta na masizi, lioshe kwa benzini kabla ya msasa, kwa sababu msasa huyasukuma mafuta ndani.

Kabla ya kukata vinili yote, bandika kipande cha sentimita tano mahali pasipoonekana, kiache hadi kesho yake, kisha kivute. Kikitoka na vumbi au nyuzi za mbao, uso haujazibwa. Kikitoka na gundi inayovutika kama utando, kiyeyushi bado kipo. Kikikataa kutoka, endelea.

Majira nayo yana neno. Hapa Lubumbashi, asubuhi za Juni na Julai ni za baridi, na gundi iliyolala kwenye baridi hukakamaa isishike. Ngoja jua lipande, au weka mbao na vinili katika chumba kimoja chenye joto kabla ya kuanza. Katika miezi hiyohiyo ya kiangazi vumbi jekundu huingia kila mahali, basi nyunyiza maji sakafuni, funga dirisha, na ufute sanduku kwa kitambaa chenye unyevu kidogo dakika chache kabla ya kubandika. Oktoba, joto likizidi, gundi hushika mara inapogusa na haitoi nafasi ya kurekebisha, kwa hiyo fanya kazi mapema. Wakati wa mvua kubwa mbao huvimba; sanduku lililozibwa vizuri pande zote, ndani na nje, halitavimba sana.

Hatua ya 5: Kukata na kubandika

Kata mkanda mmoja unaozunguka juu na pande zote mbili, na maungano yawe chini ya sanduku. Acha sentimita tatu za kukunjia ndani. Bandua sentimita kumi tu za karatasi ya nyuma, linganisha na ukingo, kisha endelea kidogo kidogo, ukisukuma kwa kadi kutoka katikati kwenda nje. Usiivute vinili ili ifike, kwa kuwa iliyovutwa hurudi nyuma baadaye na kuacha mbao wazi. Kiputo kikibaki, kitoboe kwa sindano iliyolala upande na uisukume hewa itoke. Penye maungano, pandanisha kiasi cha sentimita moja, kata tabaka zote mbili kwa mkato mmoja wa wembe mpya, ondoa mabaki ya juu na ya chini, na ncha zitakutana bila ufa.

Hatua ya 6: Kona na matundu

Kona ya mviringo huhitaji joto. Ukiwa na umeme, tumia mashine ya nywele hadi vinili ilegee, ivute taratibu juu ya kona na uishikilie hadi ipoe. Umeme ukikatika, jaza chupa nene maji yaliyochemka, ivishe kitambaa, na uiegemeze konani. Katika mji huu ulioinuka takriban mita 1,200 maji huchemka karibu na nyuzi 96, na yakipita katika kitambaa hutoa joto la kutosha bila kuunguza. Tundu la spika lifunike kwanza, kisha kata kutoka katikati kwenda nje vipande vyembamba na uvikunje ndani kimoja kimoja, ukivishikiza kwa gundi ya mpira kidogo sana.

Hatua ya 7: Kurudisha vitu mahali pake

Ngoja siku nzima. Matundu ya kupitisha hewa nyuma ya redio ya lampu yaache wazi, na skrubu za vifundo katika redio zisizo na transfoma zizibe tena kwa nta, kwa kuwa huweza kubeba umeme. Vitundu vya skrubu za mpini na miguu vitoboe kwa msumari uliopashwa moto badala ya drili, kwa sababu drili huikamata vinili na kuisokota, na msokoto huo hauondoki hata kwa joto.