Wati 3 zatosha, ukipata spika nyepesi

Kila anayeniletea amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za mashine za zamani, hapa Langoni, Lamu, huanza kwa kuniuliza ina wati ngapi. Mimi nami humwuliza: spika zako ni zipi? Amplifaya yenye valvu moja ya aina ya 2A3 kila upande hutoa kama wati 3 na nusu. Yenye valvu ya aina ya 300B hutoa kama 8. Wati hizo si haba kwa kusikiliza nyumbani, ila hulemewa na spika iliyoundwa kwa mashine za transista za wati 100. Kwa hiyo kama bado hujanunua kitu, anza na spika, kisha ndipo utafute amplifaya ya kuiendesha.

Geuza spika usome kibandiko cha nyuma, au karatasi iliyokuja nayo, utafute namba ya desibeli. Inaeleza spika italia kwa kiasi gani ikipewa wati 1 na kupimwa mita 1 mbele yake. Mimi huuita wepesi wa spika. Spika nyingi ndogo za siku hizi ziko kati ya 84 na 88. Kwa 300B natafuta 92 kwenda juu, na kwa 2A3 sishuki chini ya 94. Kwenye karatasi tofauti yaonekana ndogo, lakini kila desibeli 3 zataka nguvu mara mbili, na kila desibeli 10 zataka nguvu mara kumi. Spika ya 86 itahitaji wati 10 ili ilie sawa na ya 96 iliyopewa wati 1.

Jihadhari na jambo moja hapo. Viwanda vingi hupima kwa volti 2.83, si kwa wati 1. Kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) hesabu ni ile ile. Kwa spika ya omu 4, volti hizo ni wati 2, kwa hivyo punguza desibeli 3 kabla ya kulinganisha. Iliyoandikwa 91 kwako wewe ni 88.

Omu ndizo watu huzipuuza, na kwa valvu ndizo zenye kazi kubwa. Namba iliyoandikwa ni ya jumla tu. Ukweli ni kwamba ukinzani wa spika hupanda na kushuka kufuata sauti, nzito au nyembamba. Spika ya omu 8 yaweza kushuka hadi 4 mahali fulani na kupanda hadi 30 kwenye besi. Amplifaya ya transista haijali sana. Ya valvu moja isiyo na mrejesho, yaani isiyorudisha sehemu ya sauti inayotoka ili ijirekebishe, huifuata spika: pale ukinzani unapopanda sauti huvimba, pale unaposhuka hunywea. Ndiyo maana spika mbili zenye desibeli sawa zaweza kuimba tofauti kabisa kwenye mashine moja. Chagua ile ambayo omu zake hazirukiruki, na yenye krosova (kigawanya sauti nzito na nyembamba ndani ya spika) rahisi, ya vipande vichache.

Mzee mmoja wa mtaa wa Mkomani, hapa hapa Lamu, aliletewa mashine ya 300B na mwanawe aishiye ng'ambo, akaiunga na spika ndogo za omu 4. Udi wa Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, ulitoka vizuri ukiwa peke yake. Fidla na ngoma zikiingia, kila kitu kilichafuka.

"Fundi, mashine hii haina nguvu."

"Mashine ni nzima, mzee wangu. Spika ndizo nzito."

Tulitafuta spika za inchi 10 zilizotoka kwenye redio-gramu mbovu, koni za karatasi nyepesi, zilizoundwa enzi ambazo wati 5 zilikuwa nyingi. Seremala akakata plaiwudi nene, tukazifunga bila sanduku, nyuma wazi. Besi ya chini kabisa haimo, sikumficha. Lakini sauti ya mwimbaji ilisimama mbele yetu, na mkono wa kuongezea sauti haukufika hata nusu.

Spika kuukuu zikague kwa vidole. Sukuma koni taratibu, vidole vimeizunguka sawasawa. Ukisikia mkwaruzo, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imegusa sumaku, iache. Tazama ukingo wa koni. Wa sponji huoza kwa joto na unyevu wetu wa pwani, wa kitambaa hudumu. Ukipima kwa mita ya umeme, spika ya omu 8 itasoma kama 6 au 7. Usishtuke, ni sawa.

Nyuma ya amplifaya utakuta sehemu za kuunga spika za omu 4, 8 na 16. Anza na iliyolingana na spika, kisha jaribu ya chini yake. Mara nyingi wati hupungua kidogo lakini besi hukazika, na mimi huipenda hivyo. Zima mashine kabla ya kuhamisha waya. Na kamwe usiwashe na kupiga muziki spika zikiwa hazijaungwa: umeme wa transfoma ya kutolea sauti hukosa pa kwenda, hupanda na waweza kuiunguza. Na transfoma hiyo ni ghali.

Vyumba vyetu vya mawe vinasaidia. Kuta nene za matumbawe na chokaa hazitikisiki, na chumba ni chembamba kwa sababu boriti za mkoko zina urefu wake, kwa hiyo utakaa karibu na spika. Ziweke kwenye ukuta wa upande mfupi wa chumba, zikiacha nafasi nyuma, nawe ukae kama mita 2 na nusu mbele yake. Chokaa hurudisha sauti kali, basi tandika zulia au busati na tundika kitambaa kizito nyuma ya kiti. Kuta zenye zidaka ni neema, zile tundu huivunja sauti isirudi kwa pamoja. Ukiwa na mlango unaofunguka kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, besi itatokea huko. Geuza spika zipige kutoka upande uliofungwa.

Kabla ya kulipa, beba amplifaya yako hadi kwa mwenye spika. Piga taarabu unayoijua kwa moyo, kwa sauti unayosikilizia nyumbani, ungoje pale kundi zima linapoingia. Maneno ya mwimbaji yakibaki wazi, toa pesa.