Jinsi ya kumwona buibui-mbwamwitu ukingoni mwa kinamasi

Usiku wangu wa kwanza kinamasini nilitoka patupu kwa sababu tochi niliishika usawa wa kiuno. Ifunge kwenye paji la uso. Mwanga unaoingia katika macho ya buibui huyu hurudi ulikotoka, kwa hiyo jicho lako lisiwe mbali na taa. Mulika polepole, hatua kumi mbele, utafute vinukta vya kijani. Umande nao utakudanganya, ila wenyewe humetameta ukitikisa kichwa. Jicho la buibui hutulia, kisha huzimika ghafla akigeuka.

Maji ya kina achana nayo. Tafuta kwenye matete yaliyolala, majani makavu yanayoelea na mashina ya ndago. Ukikuta utando wa mviringo, pita tu: wetu ni mwindaji wa kuvizia na kurukia.

Ukimpata, chuchumaa mbele yake uhesabu macho: manne madogo chini, mawili makubwa katikati, mawili mengine juu. Akiwa na alama kama herufi V mgongoni, karibu na kichwa, huenda ni wa jenasi ya Pirata. Gusa jani alilosimamia. Atatimua mbio juu ya maji kama yuko sakafuni, maana nywele zake hazilowi. Ukizidi kumkera atashuka na shina hadi chini ya maji, amevaa hewa inayong'aa kama fedha. Usimfuate kwa mkono. Zima tochi, usubiri.

Utamu wenyewe uko asubuhi, jua likishapanda. Nilimkuta jike mmoja kichwa chini ndani ya mrija wake wa hariri, tumbo nje, na mfuko mweupe wa mayai aliougandisha nyuma ukiota jua. Kivuli changu kilipomwangukia akazama mrijani. Nikahamia upande wa pili, magoti yakiloa. Baada ya muda mfuko ukachomoza tena, taratibu. Kwa hiyo angalia kwanza kivuli chako kinalalia wapi.

Mayai yakianguliwa mama huchana mfuko, na watoto humpanda mgongoni wakabebana tabaka kwa tabaka kwa siku kadhaa. Kwa mbali utadhani ameota vinyweleo. Huyo usimtie chupani hata kwa picha. Akitikiswa, watoto hupukutika.

Ukiondoka, rudi kwa njia uliyojia. Matete uliyoyalaza yanatosha.